Fujo za matamasha ya roki viwanjani: tuanze na jukwaa

Tamasha la roki likiharibika uwanjani, lawama huwaangukia mashabiki kwanza: wamelewa, ni wahuni, hawasikii. Mimi huuliza mengine. Jukwaa lilikuwa na kimo gani? Mbele yake palikuwa na nini? Ardhi iliteremkia wapi?

Agosti 15, 1965, The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja wa besiboli, mashabiki wakakaa kwenye viti vya pembeni, na nyasi zikabakia za polisi na wachache walioruka uzio wakakimbizwa. Kelele zilimeza kila kitu. Amplifaya za Vox za wati 100, kubwa kwa wakati ule, hazikufua dafu, na sauti za waimbaji zilipitia pia spika za uwanja, zilezile za kutangazia mechi. Spika za kuwarudishia wanamuziki sauti yao hazikuwepo. Lakini pamoja na vurugu ile yote, hakuna aliyebanwa mbavu, kwa sababu nyasi zilikuwa tupu.

Hatari iliingia watu walipoachwa wasimame mbele ya jukwaa. Altamont, California, Desemba 6, 1969, ndiyo mfano unaotajwa sana, ingawa pale palikuwa uwanja wa mbio za magari. Walikusanyika watu wapatao 300,000. Jukwaa lilipangwa kwa ajili ya eneo jingine, Sears Point, ambako lingekaa juu ya mwinuko. Dakika za mwisho tamasha likahamishwa, na jukwaa lilelile la kama mita moja likasimamishwa chini ya mteremko. Wa nyuma hawaoni, wanasogea. Mteremko unawasaidia kusukuma. Wa mbele hawana pa kwenda ila kupanda jukwaani. Badala ya kizuizi waliwekwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki, ambao malipo yao yalikuwa bia za dola 500. Watu wanne walikufa, akiwemo Meredith Hunter aliyechomwa kisu. Kila mtu anakumbuka kisu. Mimi naona kile kimo cha mita moja kilistahili kusemwa zaidi.

Sasa twende kwenye kizuizi, maana hapa ndipo kazi ilipo. Uzio wa kawaida wa barabarani haufai: ukisukumwa unalala, na walio mbele wanalala nao. Cha mbele ya jukwaa kina umbo la pembetatu ukikitazama ubavuni, kimo kama mita 1.2, na bamba pana la chuma linalolala upande wa mashabiki. Wao wenyewe wanalikanyaga, kwa hiyo uzito wao ndio unaokishikilia. Uingereza kipimo kinachotumika ni kuhimili kilonyutoni 5 kwa kila mita ya urefu, sawa na uzito wa kama kilo 500. Nyuma yake pawe na njia wazi isiyopungua mita 1.5, pamoja na ngazi ya kusimamia walinzi ili waone nyuso na waweze kumvuta mtu kwa makwapa. Njia hiyo ikijazwa nyaya, masanduku na wapiga picha, haina maana tena.

Msongamano ukivuka watu sita au saba kwa mita ya mraba, hakuna anayeamua aende wapi. Umati unapepesuka wote kwa pamoja. Kifua kikibanwa kwa dakika chache, mtu hukosa pumzi akiwa bado amesimama. Na akianguka mmoja, wanaomwegemea wanamfuata. Donington, Uingereza, Agosti 20, 1988, walikuwepo watu kama 107,000, kuna tope na mteremko, na wawili walikufa bendi ya Guns N' Roses ikiwa jukwaani. Roskilde, Denmark, Juni 30, 2000, tope tena, wakafa tisa kwa msongamano uliotokea bendi ya Pearl Jam ikipiga. Ndiyo maana siku hizi eneo la mbele hukatwa vyumba kwa vizuizi, na kila chumba kina mlango na hesabu yake.

Kuna fujo za aina nyingine, za hasira. Montreal, Agosti 8, 1992: James Hetfield, mwimbaji wa bendi ya Metallica, aliungua kwa fataki za jukwaani, onyesho likakatwa. Guns N' Roses, waliofuata, wakachelewa sana kupanda, kisha wakaondoka mapema. Mashabiki wakavunja uwanja na kupindua magari. Kizuizi hakisaidii hapo. Kinachosaidia ni kutangaza mapema na kusema kama tiketi zitarudishiwa fedha.

Kusimamisha muziki nako kuna utaratibu. Mkuu wa walinzi wa mbele awe na mawasiliano ya moja kwa moja na meneja wa jukwaa. Muziki unakatwa, lakini maikrofoni ya mwimbaji inabaki hai na taa zinaelekezwa kwa watu. Mwimbaji ndiye aseme, maana mtangazaji wanamzomea. Na amri ya kurudi nyuma ianzie kwa safu za mwisho kabisa: aliye mbele hawezi kurudi mpaka wa nyuma yake ampishe.