Vidukari hupenda shamba lenye mapengo

Kila masika, maharage yakishafikisha wiki tatu, simu yangu haipoi. "Bwana shamba, wadudu mafuta wameingia, nipige dawa gani?" Nami huuliza kwanza: ulipanda lini, na kwa nafasi gani? Wengine hudhani nakwepa swali.

Kidukari, ndiye huyo mdudu mafuta, akiwa na mabawa huletwa na upepo. Akikaribia kutua, macho yake huvutwa na ukijani unaojitokeza juu ya udongo mtupu, kwa hiyo miche iliyotawanyika ni kama imemwita. Majani yakishaungana na kuficha ardhi, wengi hupita. Huko Mokwa, Nigeria, katika miaka ya 1960 karanga zilizopandwa mapema na kwa kubanana ziliugua kidogo ugonjwa unaoenezwa na vidukari. Maharage nayo hayako mbali na hapo.

Nafasi ninayoshauri ni sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Hiyo ni miche 80,000 kwa ekari. Kwa mbegu nene kama Lyamungo 90 unahitaji kilo 35 hivi, na hapo ndipo mfuko unapouma. Mkulima hutia kilo 15, ekari ileile. Mapengo yanawaita wadudu, kisha wadudu haohao wanagawana miche michache. Kila mche unabeba mzigo mkubwa zaidi. Afadhali apande nusu ekari vizuri.

Ila usibanane kupita kiasi. Ukanda wa juu wa Kilimanjaro, kwenye ukungu, majani yasiyokauka huleta magonjwa ya madoa pembe na kutu, na hapo utakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Kuhusu tarehe sina mjadala mrefu: panda mvua zikishashika vizuri, usingoje jirani amalize. Mvua kubwa huwaangusha vidukari. Ikikatika, huongezeka ajabu. Jike huzaa bila dume, na mtoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Maharage yaliyochelewa hukutwa na kundi hilo yakiwa bado machanga.

Na dawa? Inaua kidukari, lakini haizuii sana batobato, ugonjwa wa virusi anaoueneza. Virusi vile huingia mdudu akionja jani kwa sekunde chache tu. Dawa humkuta kazi ameshaimaliza. Vinakaa pia ndani ya mbegu, kwa hiyo ng'oa mapema mche wenye majani ya mabaka yaliyojikunja, na usiweke mbegu kutoka eneo hilo.

Kuchanganya na mahindi husaidia kuyaficha maharage, ingawa kivuli kitakula sehemu ya mavuno. Mimi huridhika na jambo dogo zaidi: siku ya nane tembea shambani na kikopo cha mbegu, urudishie mashimo yasiyoota. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, pinda mgongo ugeuze jani. Hawajaja kula maharage. Wamefuata utamu unaotoka kwa vidukari.