Mshiriki wa utafiti wa saikolojia ni nani?

Maneno "mtafitiwa" na "mshiriki" hutumika kwa mtu yule yule, ila hayana uzito mmoja. Mtafitiwa anatendewa; kitenzi chenyewe kinasema hivyo. Mshiriki anatoa kitu chake, na ana uwezo wa kukizuia. Mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika toleo la nne la mwongozo wake wa uandishi, kiliwahimiza watafiti waache neno la kwanza (kwa Kiingereza "subject") na kushika la pili ("participant").

Kwa hiyo mshiriki ni mtu aliyeelezwa kinachofanyika, akakubali kwa hiari yake kutoa muda na majibu yake ili jambo fulani kuhusu fikra, hisia au tabia za binadamu lijulikane. Mara nyingi hakuna sindano wala dawa. Utajaza dodoso, utahojiwa, au utaketi mbele ya kompyuta. Zoezi moja maarufu ni lile la mwanasaikolojia Stroop, la mwaka 1935: unaona neno NYEKUNDU limeandikwa kwa wino wa bluu, nawe utaje rangi ya wino. Jaribu na wenzako bwenini, mtaona jinsi ulimi unavyokwama.

Lakini kwa nini uombwe wewe, mwanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza au wa pili? Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa sita ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu duniani. Katika jarida mojawapo, wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Na watu hawafanani kiasi tunachodhani. Chora mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja uuwekee kwenye ncha zake mbili mishale inayoelekea nje, mwingine inayoelekea ndani: Wamarekani huuona mmoja mrefu kuliko mwenzake, ilhali Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, karibu hawadanganyiki kabisa.

Hapa ndipo jambo hili linaponigusa. Kwetu mtu aliyelemewa husema "nina mawazo" au "moyo wangu mzito". Dodoso lililotungwa kwa Kiingereza halina maneno hayo, na likitafsiriwa bila kujaribiwa kwa watu wetu, litapima kitu kingine. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayemwambia mtafiti "swali hili sisi hatulielewi hivyo" amemsaidia kuliko anayejaza haraka aondoke.

Hofu zipo, na si za kipuuzi. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Stanford, vijana wa chuo waliigiza wafungwa na askari wa gereza kwa dola 15 kwa siku. Jaribio lilipangwa kwa wiki mbili, likasimamishwa siku ya sita kwa sababu vijana walikuwa wanaumia. Leo utafiti unatakiwa kupitishwa kwanza na kamati ya maadili. Kenya mtafiti anahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Fomu ya ridhaa utakayopewa imetokana na historia ya aina hiyo. Isome yote. Una haki ya kuruka swali au kuondoka katikati bila kutoa sababu, na alama zako zisiguswe.

Suala gumu ni pale mtafiti anapokuwa mhadhiri wako mwenyewe. Kukataa mbele ya anayekusahihishia mtihani si rahisi. Mimi naona asikusanye fomu yeye, wala asijue nani alishiriki. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kama ushiriki una alama, iwepo kazi mbadala yenye uzito ule ule, kama vyuo vingi vya Marekani vinavyofanya.

Kabla ya kutia sahihi, uliza nani atasoma majibu yako, jina lako litafichwaje, na matokeo utayapata wapi. Zoezi likiisha, usinyanyuke upesi: mtafiti anapaswa kukueleza alikuwa anachunguza nini hasa, na huo ndio wakati wa kumuuliza chochote.