Marafiki Wanavunjika Mbavu, Jukwaani Kimya: Dhana Potofu Kuhusu Uchekeshaji

Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza uchekeshaji wa jukwaani huanza na maneno yaleyale, na wiki hii nimeyasikia tena: "Mimi nina kipaji. Nikianza kuongea, marafiki zangu wanavunjika mbavu. Ninachohitaji ni maiki tu." Wengi wao kweli wana kitu ndani yao, na ndiyo maana dhana hii inaniudhi. Wanapanda jukwaani, wanapokelewa na ukimya, wanashuka wakiamini hawana kipaji, na hawarudi tena. Tunapoteza wachekeshaji wazuri kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba kuchekesha marafiki na kuchekesha wageni ni kazi mbili tofauti.

"Marafiki wanacheka, kwa hiyo niko tayari"

Robert Provine, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alitoka maabara akaenda kuwasikiliza watu wakipiga soga madukani na kwenye njia za chuo. Yeye na wanafunzi wake waliandika matukio ya vicheko yapatayo 1,200. Chini ya asilimia 20 ndiyo yaliyokuja baada ya kitu kinachofanana na mzaha. Mengine yote yalifuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya "haya, tutaonana." Aliyekuwa akiongea alicheka zaidi kuliko aliyesikiliza. Na kwa hesabu zake, mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi ya akiwa peke yake.

Sasa liangalie kundi lako. Wanaijua sauti yako, wanamjua huyo unayemwigiza, na siku unayoisimulia walikuwepo. Nusu ya mzaha wanayo kichwani kabla hujafungua mdomo, na kicheko chao ni cha urafiki kabla hakijawa cha maneno. Aliyeketi safu ya tatu hana hata kimoja kati ya hivyo. Lazima umpe kila anachohitaji kuelewa, kwa maneno machache iwezekanavyo, aanze kudhani anajua unakokwenda, halafu umgeuzie njia. Kipaji hakitakufanyia kazi hiyo. Kalamu ndiyo itakayoifanya.

Huu hapa mzaha kama mwanafunzi mmoja alivyouleta mara ya kwanza: "Juzi, nadhani ilikuwa Jumanne, mke wangu aliamka amenuna sana, kumbe ameota nimemkosea. Basi nikaomba msamaha, ingawa mimi sikufanya chochote, maana ilikuwa ndoto tu. Akaniambia kule ndotoni uliomba vizuri zaidi kuliko hivi. Yaani wanawake bwana!"

Marafiki zake, ambao wanamjua mkewe, uliwavunja mbavu. Kwa wageni, watu watatu walitabasamu. Tukaketi kuuchambua. Jumanne ikatoka, kwa sababu ukitaja siku, msikilizaji anaiweka akilini akidhani itarudi. "Sikufanya chochote, ilikuwa ndoto tu" ikatoka pia. Hilo hadhira inalijua, na ukimtafunia mtu kila kitu unamnyima raha ya kufika mwenyewe. "Yaani wanawake bwana" ikatoka kwa sababu mbili: inakanyaga kicheko kinachoanza, na inamgeuza mke huyu mmoja, aliye hai na mwenye ukaidi wake, kuwa wanawake wote, ambao hakuna aliyekutana nao. Mwisho tukageuza mpangilio wa maneno, kwa sababu lile linalobeba mshangao, "ndotoni," lilikuwa limetangulia. Ukabaki hivi:

"Mke wangu ameamka amenuna. Ameota nimemkosea. Nikaomba msamaha. Akasema: 'Uliomba vizuri zaidi ndotoni.'"

Baada ya hapo, nyamaza. Usiongeze hata silabi. Kazi hiyo ilitula jioni nzima, kwa mzaha wa sekunde kumi.

Wachekeshaji wakubwa wa Marekani hufanya vilevile. Joan Rivers alikuwa na makabati yaliyojaa kadi za vichekesho, zimepangwa kwa mada. Jerry Seinfeld huandika kwa mkono kwenye karatasi za manjano. Baada ya mwaka 1998 aliweka kando vichekesho vyake vyote vya zamani, akarudi kwenye kumbi ndogo kuanza upya akiwa na dakika chache tu, na huko hata yeye, akiwa maarufu kiasi kile, alikwama na kutafuta maneno mbele ya watu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuandika kunaua vichekesho, na kwamba yeye huachia tu "vinavyokuja," namwomba aniletee daftari kwanza ndipo tubishane. Kile unachokiona jukwaani kama mazungumzo ya papo hapo kwa kawaida kimeshasemwa mbele ya hadhira nyingi, kikipunguzwa kidogo kila mara. Hata majibu kwa mtu anayepiga kelele ukumbini, mengi huwa yameshaandaliwa. Wapiga kelele husema mambo yaleyale.

"Bila matusi watu hawacheki"

Tusi hustua, na mshtuko hutoa kicheko kifupi. La tatu halistui tena. Bob Newhart alichekesha kwa upole bila lugha chafu, na albamu yake ikatwaa tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka mwaka 1961. Richard Pryor alitukana sana, lakini yatoe matusi yake yote na bado unabaki na mtu anayesema ukweli kuhusu hofu yake. Liondoe tusi kwenye panchi yako, yaani yale maneno ya mwisho yanayoleta kicheko, uone kama kuna kitu kimesalia. Kama hakuna, hukuwa na panchi.

"Kicheko ni furaha"

Mara nyingi ndiyo, si lazima. Bado kuna watu wanaosimulia tukio la vicheko visivyozuilika katika shule ya wasichana ya Kashasha, Tanganyika, mwaka 1962, kana kwamba wanafunzi walitaniana wakashindwa kuacha. Haikuwa hivyo. Ilikuwa taharuki ya kundi iliyoambukizana. Wasichana walicheka na kulia kwa vipindi, wakahangaika, na shule ikafungwa. Tafadhali tuache kuwafanya kichekesho.

"Hadhira ilikuwa mbovu"

Hapa ukweli umegawanyika, na watu huushika upande usiofaa. Ukumbi kweli una nguvu. Kicheko huambukiza kwa ukaribu: watu 40 waliobanana kwenye chumba kidogo chenye dari fupi na giza kidogo watacheka kuliko watu 40 haohao waliotawanyika katika ukumbi wa viti 300. Kwa hiyo fika mapema, omba watu wasogezwe mbele, viti vya nyuma vifungwe, taa za hadhira zipunguzwe, na chakula kisigawiwe wakati wa seti yako, yaani zamu yako jukwaani. Mwandaaji akikataa, mwombe tena kwa heshima.

Lakini hadhira haiwezi kuwa mbovu kila wiki. Rekodi sauti ya kila seti kwa simu, na usiisikilize usiku uleule ukiwa bado na hasira au msisimko. Kesho yake kaa na daftari, weka alama kila palipo na kicheko cha watu wengi. Cha rafiki uliyemleta usikihesabu. Kisha pima urefu wa maneno yaliyo kati ya alama moja na nyingine. Pakizidi nusu dakika bila alama, hapo ndipo penye kazi ya kesho.