Skana ya mwili uwanja wa ndege: inaona nini, na inagharimu kiasi gani?

Skana ya mwili ni mashine ya ukaguzi inayotafuta kitu chochote kilichofichwa kati ya nguo na ngozi ya abiria, kiwe cha chuma, kisiwe cha chuma. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoitofautisha na ule mlango wa kugundua vyuma tuliouzoea, unaolia ukisahau funguo mfukoni. Mlango ule haushtukii unga, plastiki wala kisu cha kauri. Skana iliundwa kuziba pengo hilo, na mjadala wowote kuhusu faida yake uanzie hapo: inaliziba kwa kiasi gani, na kwa bei ipi?

Zinazotumika zaidi leo ni za mawimbi ya milimita. Abiria anaingia kwenye kibanda chenye kuta za kioo, anakanyaga alama za nyayo zilizochorwa sakafuni, anainua mikono juu ya kichwa na kutulia. Nguzo zinamzunguka huku zikirusha mawimbi ya redio, na baada ya sekunde chache anaambiwa atoke. Mawimbi hayo hupenya pamba, sufu na nailoni, lakini yakigonga ngozi, ambayo ina maji mengi, hurudi yalikotoka. Kitu kilichobandikwa mwilini huyarudisha kwa namna nyingine, na kompyuta ikibaini tofauti hiyo huweka kisanduku cha njano mahali husika. Katika mashine za sasa afisa haoni mwili wa abiria. Anaona mchoro wa mtu usio na sura, na kisanduku kikikaa juu ya paja la kushoto, anapapasa paja la kushoto.

Kwa kuwa mawimbi yanaishia kwenye ngozi, mashine haioni kilichomo tumboni. Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu wapo wanaoamini kwamba skana hii ndiyo inayowaumbua wanaomeza pipi za dawa za kulevya. Pipi hugunduliwa kwa eksirei inayopita mwilini, kama ile ya hospitali, au kwa mshukiwa kuwekwa chini ya ulinzi mpaka atoe alichomeza kwa njia ya haja kubwa. Hiyo ni kazi nyingine na mashine nyingine.

Kulikuwa na aina ya pili, iliyotumia eksirei hafifu zinazogonga ngozi na kurudi. Ilizua malalamiko makali ya watu kupigwa picha za utupu, maana mwanzoni umbo la abiria lilionekana waziwazi kwa afisa aliyeketi chumba cha pembeni. Mionzi yake ilikuwa kidogo sana, kiasi ambacho abiria hukipata kutoka angani kwa dakika chache tu ndege ikiwa juu. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliikataa Novemba 2011 kwa tahadhari ya afya. Marekani iliiondoa viwanjani kufikia katikati ya 2013, kwa sababu kampuni iliyoitengeneza, Rapiscan, ilishindwa kutimiza kwa wakati sharti la Bunge la kuweka programu ya kuficha maumbile. Mashine zipatazo 250 zilitolewa, na baadhi zikaishia magerezani. Ukisikia mtu anaogopa mionzi ya skana leo, mara nyingi anazungumzia mashine hizo zilizokwisha kuondoka. Mawimbi ya milimita ni mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili kama eksirei.

Majaribio ya skana yalikuwepo kabla, lakini kuna siku moja iliyozisambaza duniani. Krismasi ya 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Kinigeria wa miaka 23, alipanda ndege ya Northwest namba 253 kutoka Amsterdam kwenda Detroit akiwa na kilipuzi cha PETN ndani ya chupi. Kilishindwa kulipuka sawasawa, kikamuunguza mwenyewe, na abiria wenzake wakamdhibiti. Alikuwa amekaguliwa Lagos na Amsterdam bila mlango wa vyuma kulia. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mwezi mmoja hivi kabla ya hapo, baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani mjini Abuja kueleza wasiwasi wake kuhusu mwanawe. Taarifa ilipokelewa, viza haikufutwa. Siku ile ilifichua mapengo mawili, la mashine na la taarifa, na lile la mashine ndilo lililomiminiwa fedha kwa haraka zaidi.

Idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilikuwa imekusudia kuwa na skana 878; baada ya Krismasi ile ikapandisha mpango hadi 1,800. Bei ya moja ilikadiriwa kuwa dola 170,000 hivi. Mashine za nyongeza peke yake, 922, zinakuja takriban dola milioni 157. Wengi husimamia hapo wanapohesabu gharama, na ndipo wanapopotea. Mwaka 2010 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali, GAO, ilikadiria kwamba nyongeza hiyo ingeweza kuongeza gharama ya wafanyakazi kwa dola bilioni 2.4 katika uhai wa mashine hizo. Ni kama mara 15 ya bei ya kununulia. Mashine haijiendeshi. Anatakiwa wa kumpanga abiria, wa kusoma majibu, wa kupapasa, tena wa kike na wa kiume, zamu zote, mwaka mzima. Ofisi hiyo hiyo iliwaambia wabunge kwamba haikuwa wazi kama skana ingekigundua kilipuzi cha Abdulmutallab.

Sehemu ya kazi hiyo ya mikono inaletwa na kengele za bure, yaani mashine kuonyesha kitu mahali pasipo na kitu. Kuanzia Septemba 2010 hadi Julai 2011 uwanja wa Hamburg, Ujerumani, ulijaribu skana za mawimbi ya milimita, na zaidi ya abiria 800,000 walipita kwa hiari yao. Takriban nusu ya ukaguzi ulitoa kengele za bure. Zilisababishwa na vitu vya kawaida kabisa: buti, zipu, mikunjo ya nguo, nguo zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Waziri wa Mambo ya Ndani, Hans-Peter Friedrich, aliamua kwamba mashine hazijafikia kiwango cha kutumika kila siku, akaahirisha. Ujerumani ilirudi sokoni miaka kadhaa baadaye, kizazi kipya cha skana kilipopatikana. Nauona uamuzi ule kuwa wa busara. Walijaribu kwanza, wakahesabu, ndipo wakaamua, na kusubiri hakukuwagharimu ndege hata moja.

Kengele za bure hazimgusi kila abiria sawasawa. Mwaka 2019 shirika la habari la ProPublica liliripoti kwamba skana za Marekani hulia mara kwa mara kwa nywele nene na za kusuka, yaani kwa wanawake weusi. TSA yenyewe ilikuwa imekwisha kuomba watengenezaji walete njia bora za kukagua nywele na vilemba. Dada aliyesuka rasta akatoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda Atlanta anaweza kusimama pale kama walivyosimama waliomtangulia, hana kitu, na kisanduku cha njano kikatua kichwani kwake. Afisa anavaa glavu na kuanza kubonyeza msuko mmoja baada ya mwingine mbele ya foleni. Kwa mwenye hijabu au kilemba hali inaweza kuwa hiyo hiyo. Katika vitabu vya hesabu tukio hilo linaandikwa kama sekunde zilizopotea. Kwangu ni gharama kamili, maana heshima ya mtu inatozwa na hakuna usalama ulioongezeka.

Je, kilichofichwa kweli kinaonekana? Mwaka 2015 ilivuja ripoti ya majaribio ya siri yaliyofanywa na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Maafisa waliojifanya abiria walijaribu kupitisha silaha na vilipuzi bandia katika vituo vya ukaguzi, wakafaulu mara 67 kati ya 70. Kaimu mkuu wa TSA, Melvin Carraway, aliondolewa kwenye nafasi yake. Tukio moja katika ripoti ile linafundisha kuliko asilimia zote. Kengele ililia, afisa wa majaribio akasimamishwa, akapapaswa, na bado kilipuzi bandia kilichobandikwa mgongoni hakikugunduliwa. Mashine ilifanya kazi yake, mkono haukufanya. Ndiyo maana namwekea shaka muuzaji anayetaja uwezo wa skana kama ulivyopimwa maabara. Ufanisi halisi ni wa mnyororo mzima, na afisa aliyechoka, anayelipwa kidogo, aliyesikia kengele za bure tangu alfajiri, hushawishika kuipuuza ile moja ya kweli.

Kuna njia nzuri ya kupima kama fedha imetumika vyema. John Mueller wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na Mark Stewart wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, waliifanya hesabu hiyo mwaka 2011. Hawakuuliza kama skana inasaidia, maana hakuna anayekana kwamba inasaidia kidogo. Waliuliza inaongeza nini juu ya kinga zilizokwisha kuwepo: milango imara ya chumba cha rubani, mbwa, upelelezi, abiria wenyewe ambao tangu 2001 hawakai kimya mtu akianza vurugu. Walichukua gharama ya dola bilioni 1.2 kwa mwaka, wakailinganisha na hasara ambayo shambulio lingesababisha. Waligundua kwamba ili skana zirudishe gharama zake zingelazimika kuzuia zaidi ya shambulio moja kila miaka miwili, na liwe ambalo kinga nyingine zote zingeshindwa kulizuia. Kwa kipimo kama hicho, waliona milango imara ya chumba cha rubani inalipa bila taabu. Ni ya bei ndogo na haimsumbui mtu.

Ukanda wetu una tukio linalopaswa kukumbukwa kila zabuni ya vifaa vya ukaguzi inapofunguliwa. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo, Airbus A321, iliondoka Mogadishu kwenda Djibouti. Muda mfupi baada ya kuruka, kompyuta mpakato yenye kilipuzi ililipuka na kutoboa ubavu wa ndege. Aliyeibeba alivutwa nje akafa. Kwa sababu ndege ilikuwa haijafika juu sana, haikupasuka, na rubani aliirudisha Mogadishu wengine wote wakiwa hai. Kisha zikatazamwa picha za kamera za uwanja. Watu wawili walioonekana kuwa wafanyakazi wa uwanja walimkabidhi abiria ile kompyuta akiwa amekwisha kupita ukaguzi. Hata angesimamishwa ndani ya skana ya kizazi kipya kabisa, ingemkuta hana kitu. Bomu lilipitia mlango wa uani.

Na siku ya 22 Machi 2016, uwanja wa Zaventem mjini Brussels, walipuaji hawakuufikia ukaguzi wowote. Walilipua kwenye ukumbi wa kuondokea, walikojaa watu wenye mabegi, wakaua 16. Skana inayorefusha foleni huwakusanya watu mahali pasipo na ulinzi, na jambo hilo nalo liingizwe kwenye hesabu.

Kwa viwanja vya Afrika Mashariki, ambavyo kila dola ya ulinzi inatoka kwenye tozo zilizomo ndani ya tiketi ya abiria au kwenye kodi, mpangilio wangu ni huu. Lango la wafanyakazi lije kwanza: kila fundi, mpakiaji wa mizigo na mfanya usafi akaguliwe kama abiria, kila anapoingia, na vitambulisho vya walioacha kazi vifutwe siku hiyo hiyo. Vifuate mbwa wa kunusa na vile vitambaa vinavyopitishwa mikononi na kwenye begi kisha kusomwa na mashine ya kubaini chembe za vilipuzi. Havihitaji kibanda wala kuinua mikono, na vinatafuta kemikali yenyewe. Maafisa wapate mafunzo na mishahara inayowafanya wabaki kazini. Skana ije baada ya hapo, chache, kwa abiria ambao mlango wa vyuma umewalilia au waliochaguliwa bila mpangilio, badala ya kumpitisha kila mtu.

Na kabla ya kulipa, muuzaji alete mashine moja ijaribiwe hapa hapa kwa miezi kadhaa, kwa wasafiri wetu kama walivyo: wenye rasta na vilemba, wenye hijabu, wenye kanzu, akina mama waliojifunga khanga mbili. Kengele za bure zihesabiwe kwa kila kundi, matokeo yachapishwe, na mkataba utaje kiwango ambacho kikivukwa mashine inarudishwa kwa gharama ya aliyeileta.