Si kweli kwamba mwenye ulemavu wa akili hasikii maumivu

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozunguka kwenye magrupu: eti mtu mzima mwenye ulemavu wa akili hasikii maumivu. Si kweli. Zipo hali chache za kijenetiki zinazopunguza hisia hiyo, lakini wengi wanaumia kama sisi. Tofauti ni namna ya kuonyesha. Asiyeweza kusema “jino linaniuma” huenda akasusa chakula, akajipiga shavuni, akakosa usingizi au akawa mkali ghafla, na watu wakadhani ndivyo alivyo. Mkanganyiko huanzia hapo, huku jino likiendelea kuoza. Kuhakikisha kama anaumwa, linganisha tabia yake ya sasa na ile yake ya kawaida, muulize mwenyewe kwa maneno mepesi au picha, kisha apimwe. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawachelewesha watu kutibiwa.