Kipimo cha Kinyama Hakisambazi Saratani: Maswali Kuhusu Protini, Kingamwili na Uvimbe wa Titi

Nafanya kazi katika maabara ya patholojia, yaani ya kuchunguza magonjwa kwenye nyama ya mwili. Wagonjwa siwaoni sana. Ninachokiona ni vinyama vyao, yaani vipande vidogo vilivyotolewa kwenye uvimbe ili vipimwe, na fomu zinazokuja navyo. Kwenye fomu kuna mstari wa kuandika uvimbe umedumu muda gani, na huo ndio huanza kuusoma. Miezi minane. Mwaka na nusu. Mara nyingi chini yake daktari ameongeza: mgonjwa alishauriwa kupimwa awali, akakataa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mara na wagonjwa, ndugu zao, na wakati mwingine wahudumu wenzangu.

Mkisema mnapima protini mnamaanisha nini? Si zile za chakula?

Zile za chakula mwili huzivunja na kutumia vipande vyake kujenga za kwake. Sisi tunazungumzia hizi za pili. Binadamu ana jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na karibu kila kazi ya mwili hufanywa nazo. Himoglobini hubeba oksijeni. E-kadherini hushikanisha seli na jirani yake zisiachane. Nyingine hukaa juu ya utando wa seli zikipokea ujumbe kutoka nje. Seli ya saratani ni seli ambayo baadhi ya protini zake zimezidi, zimepungua au zimeharibika, ikawa inagawanyika bila kuagizwa.

Kingamwili zinaingiaje hapo?

Kingamwili ni protini ya ulinzi yenye umbo linalofanana na herufi Y. Ncha zake hushika kitu kimoja tu, kile inachokitambua. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, zote zikishika sehemu ileile ya protini ileile. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Maabara hukata kinyama katika ukanda mwembamba kuliko unywele, hukibandika kwenye kioo, kisha hudondoshea kingamwili ya protini inayotafutwa. Juu yake huja kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, na kemikali ikiongezwa rangi ya kahawia hutokea pale tu kingamwili iliposhika. Chini ya hadubini unaona protini ipo au haipo, kwa wingi gani, na upande gani wa seli. Mahali hapo pana maana kubwa. Protini inayoonekana kwenye kiini, sehemu ya seli inayotunza jeni, iko karibu na jeni hizo, na nyingi za huko huhusika na kuziwasha na kuzizima. Ya kwenye utando kwa kawaida ina shughuli na ulimwengu wa nje. Watafiti wamejifunza kazi za protini nyingi kwa kuanzia na swali hilo: inakaa wapi, na inaonekana wakati gani?

Kwenye titi mnatafuta protini zipi?

Nne ndizo huamua mengi.

Ya kwanza ni kipokezi cha estrojeni. Hukaa ndani ya kiini, hupokea homoni ya estrojeni, kisha huamrisha jeni za ukuaji. Takriban saratani 7 kati ya 10 za titi, au zaidi, zina protini hii. Kiini cha seli 1 tu kati ya 100 kikishika rangi, tunahesabu jibu ni chanya, kwa sababu hata kiasi hicho kinaweza kumfungulia mgonjwa mlango wa vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni. Vidonge hivyo humezwa kwa miaka 5 au zaidi. Naomba hapa nisisitize: huviachi kwa sababu unajisikia vizuri. Kazi yake ni kuzuia homoni, hata siku unapojisikia vizuri.

Ya pili ni kipokezi cha projesteroni, ambacho hutusaidia kujua kama kile cha kwanza kinafanya kazi kweli.

Ya tatu inaitwa HER2. Kila seli ya titi huwa nayo kidogo kwenye utando, ikipokea amri ya kukua. Katika saratani kati ya 15 na 20 kwa kila 100, jeni yake imejirudia mara nyingi na utando umejaa HER2, kwa hiyo amri ya kukua haikomi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wanawake wenye jeni hiyo iliyojirudia walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Miaka 11 baadaye, mwaka 1998, trastuzumabu iliidhinishwa nchini humo. Dawa hiyo yenyewe ni kingamwili inayokwenda kukalia HER2. Aina ya saratani iliyokuwa ikiogopwa sana ikapata dawa yake mahususi. Lakini dawa hiyo hapewi mtu ambaye kinyama chake hakijapimwa. Hakuna kinyama, hakuna jibu la HER2, hakuna trastuzumabu.

Ya nne ni Ki-67, inayoonekana kwenye seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika tu. Seli ikitulia, protini hii hutoweka. Inatupa picha ya kasi ya uvimbe.

Watu wanasema uvimbe ukichomwa sindano au ukiguswa na kisu, saratani inasambaa. Ni kweli?

Hapana. Uvimbe wa titi hausambai mwilini kwa sababu ya kuchukuliwa kinyama.

Unasambaa kwa sababu umeachwa. Saratani inayokua hujitengenezea mishipa yake ya damu, na iko jirani na mishipa ya limfu inayoelekea kwapani. Njia hizo ziko wazi usiku na mchana, zilikuwa wazi kabla ya daktari kugusa chochote, na hazisubiri sindano. Seli zinazolegea kutoka kwa wenzake, kwa mfano zinapopoteza E-kadherini, zinaweza kupita humo zenyewe.

Je, sindano inaweza kusukuma seli chache kwenye njia yake? Ndiyo, inaweza. Nyingi hufa hapo hapo, na upasuaji na mionzi vinavyofuata hushughulikia eneo hilo. Wanawake waliopimwa kwa sindano kabla ya upasuaji hawajaonekana kuishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa moja kwa moja. Kwa hiyo hapana. Ukiambiwa tena kesho na mtu unayemheshimu, jibu litakuwa lilelile: hapana.

Uvimbe wangu hauumi. Si afadhali nisubiri kwanza?

Usisubiri. Vimbe nyingi za saratani ya titi haziumi mwanzoni, na ndiyo sababu zinatufikia zikiwa kubwa. Maumivu si kipimo. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla, damu kutoka kwenye chuchu, tezi iliyovimba kwapani: kimojawapo kinatosha kukupeleka kliniki wiki hii. Vimbe nyingi za matiti hatimaye huonekana si saratani, na hilo nalo halijulikani kwa kuangalia kwa macho.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza. Siku 60. Mimi nasoma fomu za miezi 14, na sehemu kubwa ya miezi hiyo mgonjwa alikuwa nyumbani akipaka dawa juu ya ngozi, uvimbe ukiendelea na safari yake chini.

Kwa nini msipime damu tu, bila kukata?

Kwa sababu jibu tunalolitafuta liko ndani ya seli za uvimbe. Kuna protini za saratani zinazoweza kupimwa kwenye damu, kama CA 15-3, lakini hutumika kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari amejulikana. Anayeanza kuugua anaweza kuwa na kipimo cha kawaida kabisa, na asiye na saratani anaweza kuwa na kilichopanda. Picha za mamografia (eksirei ya titi) na ultrasaundi huonyesha uvimbe ulipo na sura yake. Haziwezi kukuambia kama una HER2.

Lakini shangazi yangu alichomwa sindano, akafariki baada ya miezi mitatu. Hilo mnalielezaje?

Pole sana. Nalijibu kwa upole, lakini nalijibu kwa ukweli: mtu anayefariki kwa saratani ya titi miezi mitatu baada ya kipimo alikuwa na saratani iliyokwisha fika kwenye ini, mapafu au mifupa kabla ya kipimo. Ugonjwa hausafiri kutoka kwenye titi, ukaota kwenye ini na kumuua mtu kwa wiki 12 kwa sababu ya tundu la sindano. Ulikuwa umeshafika.

Familia ilichokiona ni mpangilio wa matukio: alikuwa anatembea, akachomwa, akaanguka. Hawakuona yaliyokuwa yakitokea ndani katika muda wote wa kusubiri. Kisha habari ya msibani inamfikia binti mwenye uvimbe wa sentimita mbili, unaotibika, naye anaahirisha. Anakuja baada ya mwaka, anapimwa, anafariki, na hadithi inapata ushahidi mpya. Mzunguko huu nimeuona mara nyingi mno. Sindano haikumuua shangazi. Kuchelewa kulimnyima nafasi.

Kinyama kikishatolewa, kinatunzwaje?

Swali hili ni la wahudumu wenzangu, lakini mgonjwa naye alijue ili aulize. Kinyama kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa 1 baada ya kutolewa, kwenye chombo chenye mdomo mpana, formalini ikiwa karibu mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Kwa vipimo vya protini hizi kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kuandaliwa.

Maji hayafai. Shashi iliyoloweshwa haifai. Kinyama kikubwa kilichobanwa kwenye kichupa kidogo hakifai, kwa kuwa formalini haikifikii katikati, na katikati huoza. Protini ikishaharibika kingamwili haina cha kushika, kioo hubaki cheupe, na mgonjwa anaweza kuandikiwa kwamba hana kipokezi cha estrojeni wakati alikuwa nacho. Ananyimwa vidonge vya miaka 5 kwa sababu ya uzembe wa dakika kumi. Na mgonjwa ukikabidhiwa chombo ukipeleke maabara, kipeleke siku hiyohiyo. Nimepokea vinyama vilivyokaa kabatini wiki tatu kwa sababu mwenyewe aliogopa jibu.

Naona kingamwili zinauzwa kwenye intaneti. Naweza kununua za kutibu?

Hapana, na tafadhali usijaribu. Kingamwili zinazouzwa kwa maabara huandikwa kuwa ni za utafiti pekee. Kazi yake ni kuonyesha protini kwenye kioo, hazijatengenezwa kuingia kwenye mshipa wa mtu. Hata kupimia wagonjwa hazitoshi mpaka zithibitishwe, kwani kuna zinazoshika protini isiyokusudiwa. Ndiyo maana kila tunapopima tunaweka kando kioo tunachojua ni chanya na kingine tunachojua ni hasi. Visipotoka kama inavyotarajiwa, kazi yote inarudiwa. Trastuzumabu na wenzake ni dawa za hospitali, hutolewa kwa kipimo, na moyo wa mgonjwa hufuatiliwa.

Jibu langu linasema HER2 ni 2+. Maana yake?

Haijaamuliwa. Alama hizi huonyesha utando wa seli umeshika rangi kiasi gani: 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya, na 2+ huhitaji kipimo cha jeni yenyewe. Muulize daktari kimeombwa lini.

Na nikiwa hasi kwa zote tatu, yaani vipokezi viwili vya homoni na HER2?

Vidonge vya homoni na dawa ya HER2 havitakusaidia, lakini kuna tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) na upasuaji, na kundi hili mara nyingi hukua haraka. Usikae nyumbani na jibu hilo hata mwezi mmoja.

Wanaume je?

Wanapata. Ni wachache, takriban mgonjwa 1 kati ya 100, na huchelewa zaidi kwa sababu hawadhani inawahusu.

Mke wangu amekubali kwenda kliniki ila sindano ameikataa kabisa. Nimwambie nini?

Mwambie alichokisikia si kweli: kipimo hakisambazi saratani. Mwambie atadungwa ganzi kwanza, kisha sindano yenye upana wa milimita chache itachukua vipande vyembamba kama uzi mnene, kwa dakika chache, akiwa macho, na mara nyingi atarudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na bandeji na michubuko kidogo. Akiuliza, kwa mara nyingine, kama hawatauamsha ugonjwa, mjibu kwamba ugonjwa kama upo haujalala.

Nenda naye. Ingia naye chumbani kama wataruhusu. Ulizeni mambo matatu kabla ya kuondoka: kinyama kimewekwa kwenye formalini saa ngapi, vipokezi vya homoni na HER2 vimeombwa, na majibu yatatoka tarehe gani. Iandikeni tarehe hiyo, na siku hiyo mrudi wote wawili kuyachukua.