Hiyo barua usiiandike kwanza: VVU na kibarua chako

Dada mmoja wa Mbagala alinionyesha karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya pochi. "Naomba kuacha kazi kwa sababu zangu binafsi." Ameandika kwa mkono wake, lakini maneno alitajiwa na bosi. Alikuwa mpishi mgahawani. Mwenzake aliona kopo la dawa kwenye mkoba wake, na kabla ya saa saba mchana kibarua kilikuwa kimeota nyasi.

Yeye aliamini, kama wengi ninaokutana nao, kwamba ukishaandika mwenyewe huna tena cha kudai. Dhana hii inaniuma kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu kwamba umeachishwa kazi pale unapoondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Sheria hiyohiyo inaitaja VVU na UKIMWI waziwazi kati ya mambo ambayo ni marufuku kumbagulia mfanyakazi. Lalamiko la kuachishwa linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na unaweza kwenda bila wakili. Ukichelewa, itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi. Dada huyu alinifuata mwezi wa tatu tangu aondoke kazini.

Kwamba mwenye VVU hafai jikoni? Virusi haviambukizwi kwa chakula, jasho wala sahani. Akijikata kisu, anafunga kidonda kama mpishi mwingine yeyote.

Kwamba bosi ana haki ya kujua? Hana. Tangu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, kupima ni hiari na majibu ni siri yako.

Kwamba mwenye VVU atakuwa mtu wa kliniki kila siku? Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vimefubaa hupewa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, dawa za miezi mitatu, hata sita. Kondakta mmoja wa daladala za Gongo la Mboto humeza kidonge chake alfajiri, gari likiwa bado linapigwa deki, kisha anaita abiria hadi usiku. Na akiugua kweli, likizo ya ugonjwa ni yake kama ya wenzake: siku 126 katika miezi 36, na 63 za kwanza kwa mshahara kamili.

Kwa hiyo ukiitwa ofisini ukawekewa kalamu na karatasi, usishike kalamu. Mwambie bosi aandike yeye, na sababu aiweke.